Mpiga tumba naye ana la kusema

Nimechoshwa na ile kauli kwamba kazi ya mpiga ngoma ni kushika mapigo, wenye nyimbo wapite juu yake. Wanaoisema humkodi studio bila wasiwasi, akapiga nyimbo za watu kumi, akalipwa, akaenda zake. Siku akitaka kutoa albamu yake, swali ni moja: nani ataimba?

Wasikilize Saudades, albamu ya mpiga ngoma Naná Vasconcelos, iliyorekodiwa Ujerumani mwaka 1979. Mzaliwa huyu wa Recife, Brazil, maishani mwake aliitwa na wanamuziki wengi awapigie: Don Cherry, Pat Metheny, Paul Simon. Humu yeye ndiye mwenye shughuli. Ala yake kuu ni berimbau: upinde wa mti, waya mmoja wa chuma, kibuyu kilichofungwa upande wa chini, kijiti cha kugongea, na kikapu kidogo chenye mbegu kinachochakarika katika mkono uleule. Asili yake ni pinde za muziki walizokwenda nazo Wabantu waliouzwa utumwani kutoka pande za Angola. Hiyo ni damu yetu, na bado tunaidharau.

Watabisha: waya mmoja, ukiubana kwa jiwe au sarafu, unatoa sauti mbili, utajazaje santuri kwa sauti mbili? Naná alijaza. Kipande cha kwanza peke yake kinapita dakika 15. Sikiliza anavyosogeza mdomo wa kibuyu tumboni: ukizibwa, sauti inazama, ukiachiliwa, inapaa, na katikati ya hapo mna vilio, minong'ono na ngurumo ambazo gitaa halijawahi kunipa. Kisha vinaingia vinanda vya nyuzi vya okestra ya redio ya Stuttgart, kwa muziki uliopangwa na Egberto Gismonti, vinamzunguka na kumsikiliza. Hao sasa ndio wasindikizaji! Mbele kidogo anairundika sauti yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, hadi mtu mmoja anakuwa kwaya nzima.

Kwetu redioni hutajwa mwimbaji, hutajwa mpiga solo. Mpiga tumba hutajwa akifa, na hata hapo jina lake hukosewa.

Wewe mwenye studio, kesho mpiga tumba wako akimaliza nyimbo za wenzake, usizime mitambo. Mwachie saa moja, umwambie apige lake.