Chuo Kikuu cha "Wote" Kinaanzia Momba



Kila dirisha la udahili likifunguliwa, vyuo vikuu vinatangaza kwamba milango iko wazi kwa wote, bila kujali jinsia, kabila wala dini. Vizuri. Lakini tuulizane: hao "wote" wanahesabiwa kuanzia wapi? Kwenye geti la chuo, au kule Momba, Ileje na Mbozi ambako dada zetu wengi wanaishia kidato cha pili?

Takwimu ni za serikali yenyewe, siyo za wapinzani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa Songwe wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Kitaifa ni asilimia 22. Tumeshika namba moja nchi nzima, kwa jambo ambalo hakuna anayetaka kombe lake.

Turudi nyuma kidogo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi akipata mimba harudi shule ya serikali. Waliopinga wakaitwa wasaliti. Novemba 2021 serikali ya chama kilekile ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Kumbe iliwezekana! Ila kwa binti aliyeondoka kidato cha pili mwaka 2017, wenzake aliokaa nao dawati moja walishafika kidato cha sita.

Wapo waliorudi. Wengine wanasoma kupitia elimu ya watu wazima, wengine ni watahiniwa wa kujitegemea. Ni wanawake unaowaona Tunduma wakiuza wali kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na jioni wanashika daftari huku mtoto yuko mgongoni.

Wakifaulu, wanakutana na ukuta wa pili. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita, au sifa inayolingana nayo, ndani ya miaka mitano. Kwa kijana asiye na mzigo, mitano inatosha. Kwa aliyemaliza akiwa na mtoto mchanga, akabaki nyumbani kulea na kutafuta hela ya unga, mwaka wa sita dirisha limefungwa. Wahenga walisema kawia ufike. Bodi inasema ukikawia, ujilipie.

Miongozo hiyohiyo inawapa nafasi yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya za TASAF. Hilo ni sahihi na tunaliunga mkono. Maana yake serikali inajua kuwa usawa siyo kumpima kila mtu kwa rula moja. Basi imwone na mama kijana.

Kuna watakaosema tunatetea uhuni. Hapana. Aliyempa mimba, kama naye ni mwanafunzi, mara nyingi anaendelea na masomo yake hadi chuo, na hakuna anayemuuliza mtoto analelewa na nani. Kama adhabu inamfuata mmoja tu kati ya wawili, hiyo siyo maadili, ni ubaguzi.

Tunataka mambo matatu. Bodi ya Mikopo iondoe ukomo wa miaka mitano kwa mwenye uthibitisho wa kulea. Vyuo, tukianza na vya jirani kama MUST pale Mbeya, vitenge vyumba vya wanafunzi wenye watoto na sehemu ya kuwaangalia watoto saa za vipindi. Na kila halmashauri ya Songwe itangaze kila mwaka wangapi wameacha shule kwa ujauzito na wangapi wamerudi.

Na sisi tusisubiri 2030. Tunduma ilituamini mwaka 2015 ikatupa mbunge. Kuaminiwa kuna kazi yake. Kila tawi la vijana litafute mabinti waliokatiza masomo katika kata yake, liwaelekeze pa kurudi, na dirisha la mikopo likifunguliwa likae nao kujaza fomu. Bila kuuliza kadi ya chama.