Tiba ya Asili Ipimwe, Isitembezwe

Baridi yabisi ya viungo si uchovu wa uzee, wala si matokeo ya kunyeshewa mvua. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na adui wa nje, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Utando ulio ndani ya viungo huvimba, gegedu huliwa, kisha mfupa nao huliwa, na hatimaye vidole hupinda visiweze kushika sindano wala jembe. Wanawake hupatwa mara mbili au tatu zaidi kuliko wanaume, na wengi huanza kuugua wangali na nguvu za kufanya kazi. Uharibifu mwingi huanza katika miaka miwili ya mwanzo, na kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kuwa kizima. Kwa hiyo, anayempotezea mgonjwa huyu wakati humpotezea mikono yake.

Nchini India, nyumbani kwa tiba ya kale iitwayo Ayurveda, yako makundi mawili yanayodai kumtetea mgonjwa huyu. Moja huidharau Ayurveda bila kuipima. La pili huiuza bila kuipima. Yote mawili yamemkosea mgonjwa.

Kundi la kwanza lina kasumba ya kikoloni. Mwaka 1835 utawala wa Waingereza ulikifunga chuo cha waganga wenyeji mjini Calcutta, ukasimamisha mafunzo ya Ayurveda katika Chuo cha Sanskrit cha mji huo, na mahali pake ukaanzisha chuo cha udaktari wa Kizungu. Ayurveda haikupimwa ikashindwa, ilifukuzwa tu. Lakini kitabu cha mganga Madhava, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kilikuwa kimekwisha kueleza ugonjwa uitwao amavata, wenye dalili za viungo kuvimba, kukaza na kuuma, zinazofanana sana na za baridi yabisi.

Hasara ya dharau hiyo inajulikana. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa shinikizo la damu kwa mzizi wa rauvolfia, dawa ya waganga wa India tangu kale. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitenga ndani ya mzizi huo kiini kilichoitwa reserpini, ikakifanya bidhaa ya kuuzwa duniani. Mzizi ulikuwa wa India, faida ikaenda Basel. Ndivyo inavyokuwa mwenye hazina anapoachia wageni kazi ya kuichunguza.

Kundi la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa limevaa joho la uzalendo. Hawa ni wafanyabiashara waliogundua kwamba jina la mababu huuza vizuri kuliko dawa yenyewe. Huahidi kuiponya kabisa baridi yabisi kwa kopo moja la vidonge, na humshauri mgonjwa aitupe dawa ya hospitali. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Kadhalika, imewahi kugunduliwa mara nyingi kwamba dawa zinazoitwa za mitishamba za maumivu ya viungo zimechanganywa kwa siri na steroidi za viwandani. Mgonjwa hupata nafuu upesi, humsifu mganga, na huku mifupa yake inadhoofika. Je, huko ni kuienzi mila au ni kuifanya pazia la wizi?

Sheria ipo. Tangu mwaka 1954 India inakataza kutangaza dawa kuwa zinaponya magonjwa kadhaa yaliyoorodheshwa, na baridi yabisi imo katika orodha hiyo. Hata hivyo, ilibidi ifike mwaka 2024 ndipo Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo iizuie kampuni ya Patanjali Ayurved kutangaza dawa kwa magonjwa ya orodha hiyo, na wakuu wake, Ramdev na Balkrishna, wakaomba radhi magazetini. Sheria iliyolala miaka 70 ilimlinda nani, mgonjwa au muuzaji?

Kati ya makundi hayo mawili wako waliochagua kufanya kazi. Mjini Pune madaktari waliwapima wagonjwa 182 kwa wiki 16, wengine wakipewa mchanganyiko wa ashwagandha, ubani wa Kihindi, tangawizi na manjano, na wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba hata wale wa vidonge vitupu wengi walipata nafuu, na tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Ndiyo sababu ushuhuda wa jirani aliyepona hautoshi kuwa hoja. Mjini Coimbatore, wagonjwa 43 waligawanywa katika makundi matatu: Ayurveda peke yake, methotreksati ya hospitali peke yake, na zote mbili. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba makundi yote yaliendelea karibu sawa. Watafiti wenyewe walisema huo ulikuwa mwanzo tu, maana watu 43 ni wachache.

Ikawaje baada ya hapo? Mwaka 2014 India iliunda wizara kamili ya tiba za asili. Lakini ni mwaka 2021, miaka 10 baada ya Coimbatore, ndipo lilipotangazwa jaribio kubwa zaidi la Ayurveda kwa ugonjwa huu. Katika muda huo wafanyabiashara hawakungoja hata siku moja.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni kuipigia magoti sayansi ya Wazungu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kupima si mali ya Ulaya. Mganga aliyetenganisha mzizi wa dawa na mzizi wa sumu alikuwa anapima. Wapo pia watakaosema dawa za hospitali nazo zina madhara. Ni kweli. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, huhitaji uangalizi wa ini na damu, na ni marufuku kwa mjamzito; na sindano mpya za ugonjwa huu ni ghali mno kwa mnyonge. Lakini madhara ya methotreksati yanajulikana kwa sababu yalitafutwa na kuandikwa. Ya vidonge vya kopo hayajulikani kwa sababu muuzaji hataki yajulikane. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, wanaoipenda Ayurveda kwa dhati hawana budi kudai mambo matatu: kila kopo lipimwe zebaki na risasi kabla ya kufika dukani, majaribio makubwa yagharimiwe na umma, na matokeo yake yatangazwe yawe matamu au machungu, na mgonjwa mwenye viungo vilivyovimba asiambiwe kamwe aache dawa iliyothibitishwa ili angojee ahadi. Tiba itakayopita mtihani huo itakuwa mali ya wagonjwa wote. Itakayoshindwa iachwe, hata kama ina umri wa miaka elfu.