Wazee wa Tana wapewe rangi na karatasi

Kila Jumatatu asubuhi mwanafunzi wa Garsen husimama mbele ya bendera akaimba Wimbo wa Taifa. Huenda hajaambiwa kwamba lahani anayoiimba imetoka kwao. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wataalamu waliokabidhiwa kazi hiyo waliuchagua wimbo ambao akina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto kandokando ya Mto Tana. Waliourithishana wimbo huo hawakuupata katika chuo cha muziki. Hata hivyo, taifa zima husimama wima unapoimbwa.

Ikiwa wimbo wa watu wasiosomea muziki uliwafaa Wakenya wote, mbona picha ya mtu asiyesomea uchoraji haithaminiwi? Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa kuchora ni mchezo wa watoto au kazi ya waliohitimu. Mzee wa miaka 70 akishika penseli, huchekwa kwamba amerudia utoto. Fikira hiyo ni potovu, na hasara yake ni kubwa.

Na tumtazame Anna Mary Robertson Moses wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Grandma Moses. Alizaliwa mwaka 1860, akaishi maisha ya mke wa mkulima, akazaa na kulea. Uzeeni alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi za sufu, hata baridi yabisi ilipomkaza vidole akaiacha sindano na kushika brashi. Wakati huo umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Alichora aliyoyakumbuka: siku ya kufua, kutengeneza sabuni, kuchemsha utomvu wa miti kupata sukari. Alipopeleka picha zake kwenye maonyesho ya wakulima pamoja na jamu aliyoipika, jamu ilituzwa, picha hazikutuzwa. Mwaka 1938 mpita njia mmoja aliziona katika dirisha la duka la dawa akazinunua. Mwaka 1940, naye akiwa na miaka 80, zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 101, ameacha picha zaidi ya elfu moja.

Mifano ya karibu nasi pia ipo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Hakufunzwa sanaa darasani. Alitumia rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini miaka hiyo michache ilitosha kuanzisha mtindo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Naye Rosemary Karuga, Mkenya aliyesomea sanaa Makerere, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ualimu, akairudia sanaa uzeeni. Kwa kukosa rangi, alikata vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga akaviunganisha kuwa picha. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York.

Tumeitaja Tana kwa sababu maalumu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi gharika ya mwaka 1961 ilipokuja, leo amepita miaka 70. Ameona pia mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano yaliingia kazini huko juu, na mafuriko hayaji tena kwa kawaida ile ambayo wakulima wa mpunga waliitegemea. Mzee huyo anajua maji yalipita wapi, kijiji kipi kilihama, na mwembe upi ulibaki juu ya maji. Mzee wa Kiorma naye anazijua njia ambazo ng'ombe waliteremkia mtoni wakati wa kiangazi. Mengi ya hayo hayamo vitabuni. Wenyewe wakiondoka, yataondoka nao.

Yako ambayo Tana imekwisha kuyapoteza. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 ikapelekwa British Museum, London. Vizazi vimeisikia kwa simulizi tu, bila kuiona.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa Garsen na Tana River nzima: somo la sanaa limo katika mtaala, alikeni wazee darasani. Wapeni karatasi na rangi, kisha waacheni. Msiwasahihishe kwamba mtumbwi umezidi nyumba kwa ukubwa. Pengine siku ile ya gharika mtumbwi ndio uliokuwa mkubwa. Nanyi wanafunzi, keti kando yao, ulizeni, mwandike maelezo chini ya picha pamoja na jina la mchoraji na mwaka wa tukio.

Wako watakaosema kwamba penye njaa na mafuriko, picha ni anasa. Karuga amekwisha kuwajibu: pakiti tupu ya unga inatosha kuanzia. Wala hatudai kwamba picha zitamaliza ugomvi wa ardhi na maji uliomwaga damu huko mwaka 2012. Lakini mto aliouchora Mpokomo na mto aliouchora Morma, vikitundikwa ukuta mmoja, watoto wa pande zote mbili wataona kuwa ni mto ule ule.

Wahenga walisema heri kukawia ufike. Mzee aliyekawia kushika brashi bado aweza kufika, mradi sisi tusikawie kumpa.