Pomboo Ana Wageni, Nguva Ana Nani?

Juzi nilipanda mashua Shimoni pamoja na watalii, tukaenda mbuga ya baharini ya Kisite, ng'ambo ya Wasini. Pomboo wakaibuka, mama na mtoto ubavuni, wageni wakashangilia. Nahodha akatueleza kwamba Julai hadi Septemba, wakati wa kusi, hupita na nyangumi watokao bahari ya barafu ya kusini, waje kuzaa kwenye maji ya vuguvugu.

Nikamwuliza, "Na nguva je, mwanangu?"

Akacheka. "Huyo, ami, nimemsikia kwa wazee tu."

Jawabu lile lilinichoma, kwani mimi nimemla. Nilikuwa mtoto wa chuoni siku nguva alipoletwa bandarini kwetu, kanaswa na jarife. Nyama yake ilikuwa kama ya ng'ombe, ikagawiwa mtaa mzima. Lakini nilimwona kabla hajapasuliwa: ana maziwa mawili kifuani, yakichuruzika. Mama alipoambiwa hayo, hakuionja nyama ile.

Tulifundishwa kuwa kiwindo cha bahari ni halali, na hilo halina ubishi. Walakini halali si ruhusa ya israfu. Nguva si tasi. Huvuta pumzi kama sisi. Jarife likimzuia chini ya maji, hufa. Huchukua mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza kuwa nguva wa Afrika Mashariki wako hatarini kabisa kutoweka: wakubwa wa kuzaa hawafiki 250, na kundi kubwa liko Bazaruto, Msumbiji.

Atasema mtu: mbuga ipo tangu miaka ya 1970, kazi ni ya serikali. Naam, ndani ya Kisite uvuvi umekatazwa. Lakini nguva hula nyasi za bahari, naye huzifuata popote zilipoota, hata nje ya mpaka, kwenye nyavu zetu. Pomboo analindwa na faida yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nguva ni mwenye haya, hajitokezi kupigwa picha, kwa hiyo hana wa kumsemea.

Simlaumu mvuvi. Ana watoto wanaongoja chakula. Ninalomwomba halimnyimi riziki: jarife lisitegwe palipo na nyasi, na nguva akinaswa angali hai, wavu ukatwe aende zake. Wazee wa bandari na kamati za wavuvi walipitishe hilo wenyewe, wasingoje askari wa mbuga.

Bahari ni amana. Siku ile bandarini nilidhani nakula fungu langu. Leo nachelea kuwa lilikuwa la wajukuu wangu.