Mbao inayozama majini
Tupa kipande cha ipe kwenye ndoo ya maji, kitazama kama jiwe. Huu ndio mti wa Amerika Kusini ambao jiji la New York liliupenda kwa miaka mingi, likautandaza kwenye njia ya ufukweni Coney Island, iliyofunguliwa mwaka 1923. Sina ugomvi na ubora wake: mchwa wanaukwepa, mvua na chumvi haviuwezi. Fundi ndiye anayejua adha yake. Msumari unapinda, lazima atoboe kwanza kwa keekee, na msumeno unakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Ukisahau kuipaka mbao yenyewe mafuta, rangi yake inageuka kijivu. Ninachogombana nacho ni kuangusha mti uliokua miaka mingi, uliosimama mbali na wenzake msituni, ili watu waukanyage kwa kandambili. Mwaka 2008 meya wa New York, Michael Bloomberg, aliahidi kupunguza mbao hizo. Sehemu nyingine za njia zikawekwa zege na plastiki, watu wakanung'unika (na kweli, zege haina mlio wa mbao chini ya mguu). Mwaka 2022 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana kudhibiti biashara ya ipe, pamoja na mninga na mbambakofi wetu. Basi wewe mwenye hoteli Nungwi au Diani unayetaka sakafu ya nje ya mbao ngumu, muulize muuzaji mti ulikatwa wapi, na uone hati zake kabla hujamlipa.