Mionzi Ilimaliza Mbung'o wa Unguja. Nani Atawamaliza Kupe wa Pemba?

Kila unapotajwa ushindi wa sayansi Zanzibar, hutajwa mbung'o wa Unguja, na ni haki. Kati ya mwaka 1994 na 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Likipandwa na dume tasa, halizai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikaondokana na nagana, maradhi ya vijidudu vya damu yaliyowadhoofisha ng'ombe.

Hata hivyo, mfugaji wa Kojani ana haki ya kuuliza ushindi huo umemfaa nini. Pemba haikuwa na mbung'o. Adui wake ni kupe, mwenye kueneza ndigana kali, maradhi yanayoweza kuua ndama ndani ya wiki chache. Na kupe haruki. Hamwagwi kwa ndege akamtafuta jike vichakani.

Huko Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, watafiti walijaribu kuvidhoofisha vijidudu vya ndigana kwa mionzi ili wapate chanjo. Njia iliyoshinda ilikuwa nyingine: ndama hudungwa vijidudu hai, na siku hiyo hiyo hupewa dawa ya kuvidhibiti. Chanjo hiyo inatumika Tanzania, lakini lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika hadi karibu na zizi.

Hapa ndipo funzo la Unguja linaposahauliwa. Mionzi haikufanya kazi peke yake. Kwanza ng'ombe walipakwa dawa, na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa ili mbung'o wapungue. Kisha ndege ziliruka wiki baada ya wiki, na mitego ikakaguliwa, bila kazi kuachwa njiani.

Ndigana ya Pemba inadai uvumilivu huo huo, ingawa hauna mvuto wa nyuklia: josho lenye dawa mwaka mzima, naitrojeni isiyokatika, na mganga wa mifugo anayepewa nauli ya mashua ya kuvukia Kojani. Enyi watumishi wa umma, bajeti ya mifugo ikisomwa, tafuteni mafungu hayo matatu. Yasipokuwemo, ulizeni kwa nini.