Tununue Bima, Si Stika

Mwenye gari wa kwetu, aghalabu afikapo kwa wakala wa bima, huwa na swali moja tu ulimini mwake, nalo ni hili: "Stika ni bei gani?" Akiisha kutajiwa na kulipa, hujiondokea ametulia moyo, si kwa kuwa amejikinga na hasara, bali kwa kuwa askari wa barabarani akimsimamisha hatakuwa na la kumwuliza. Hapo ndipo yaanziapo majuto yetu mengi, kwani aliyenunua stika hana budi kushangaa siku ile atakapohitaji bima.

Na tuanze na hiyo iitwayo bima ndogo, ambayo Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, imeifanya kuwa faradhi kwa chombo cha moto kitembeacho barabarani. Bima hii, ambayo kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kulipiwa Sh. 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi, haikuwekwa kwa maslahi ya mwenye gari. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule mpita njia au mwendesha baiskeli atakayeumizwa au kufishwa kwa taksiri ya dereva, ili yeye au warithi wake wasiachwe wakimdai mtu asiye na cha kulipa. Basi anayelalamika kwamba gari lake limebondeka ukutani na kampuni imekataa kulitengeneza, ilhali alikata bima ndogo, hakudhulumiwa; amedai kisichokuwa chake.

Bima kubwa ndiyo ilindayo pia gari lenyewe na ajali, moto na wizi, na ada yake hukadiriwa kwa thamani ya gari: kwa gari la binafsi, kiwango kilichozoeleka Tanzania Bara ni asilimia 3.5, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Na hapa ndipo hila hujipenyeza. Mathalani mtu ana gari la shilingi milioni 20, ambalo ada yake ingekuwa Sh. 700,000, akiiona nyingi, hulitaja kuwa ni la milioni 12, akalipa Sh. 420,000, akaenda zake akijihesabu mjanja aliyeokoa Sh. 280,000. Siku gari ligongwapo, na gharama ya matengenezo ikafika milioni 5, kampuni ambayo hati yake ina sharti la wastani itamwambia: mali yako uliikatia bima mafungu matatu katika matano, na mawili ukayabeba mwenyewe, basi pokea milioni 3. Aliyeokoa laki mbili na themanini amepoteza milioni mbili. Wahenga walikwisha sema kwamba rahisi inavunja upishi.

Wala asidhani mwenye kutaja thamani kubwa kuliko ya kweli kwamba yeye ndiye atakayefaidi, kwani msingi wa bima ni kumrejesha mtu pale alipokuwa kabla ya msiba, si kumtajirisha kwa msiba huo. Kadhalika aliyeandikisha gari kuwa la matumizi ya nyumbani, kisha usiku akalifanya teksi, amevunja ule ukweli ambao mkataba wa bima umesimama juu yake. Kampuni ikilikataa dai lake, na aulaumu ulimi wake. Na hata aliye mkweli asitaraji kulipwa hasara yote, kwa kuwa hati nyingi humwachia mwenye gari kiasi cha kwanza akibebe mwenyewe.

Hata hivyo, insafu yataka tuutazame na upande wa pili. Hati nyingi zingali zikiandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo, akakabidhiwa mteja akiwa amekwisha kulipa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imemwezesha mwananchi kuihakiki stika kwa namba ya gari lake, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini uhakiki huo humwonyesha kwamba bima ipo, haumwonyeshi yamkinga na nini. Ingekuwa haki kila hati iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha, utaje thamani iliyoandikwa, hasara zilizomo, hasara zisizokuwamo, na kiasi atakachobeba mteja. Na wakala asipokee fedha kabla ukurasa huo haujasomwa.

Mpaka siku hiyo ije, mwenye gari na abadili swali lake. Badala ya bei ya stika, na aulize hivi: "Gari langu likiteketea usiku wa leo, mtanilipa kiasi gani, na kwa masharti yapi?" Wakala awezaye kulijibu swali hilo bila ya kubabaika, huyo ndiye anayestahili kulipwa.